Ulimi Usiorudisha

Aliyekiona kwanza ni jirani yetu wa ghorofa ya juu, na alikiona kwa wayo. Ilikuwa alfajiri moja ya Disemba 2009, umeme umekatika Unguja nzima, naye ameteremka na kandili kuja kuchota maji kwenye pipa letu la uani. Akakanyaga kitu kibichi, chororo, kirefu kama kidole cha shahada. Alipokimulika akaona ni manyoya yaliyosokotwa, yametota, yana rangi ya kijivu na utelezi wa njano. Ukelele alioupiga ulitutoa sote vyumbani.

"Bi mkubwa! Njoo uone, mmetupiwa kitu!"

Kwa asiyekulia Mji Mkongwe itabidi nieleze. Fundo la nywele likionekana nyumbani pahala ambapo hakuna aliyeliweka, haliitwi taka. Hiyo ni salamu, na kazi inayobaki ni kumtafuta aliyeileta. Mama hakuwa mtu wa kuyaamini sana mambo hayo, ila hakuwa pia mtu wa kuyakanusha mbele za watu. Alikiokota kitu chenyewe kwa kipande cha gazeti, akakiweka juu ya ukuta wa uani, na wanawake wanne wa nyumba yetu ya Kiponda wakasimama kukitazama. Mmoja akataka aitwe mwalimu wa chuoni aje akisomee. Mwengine akasema kikatupwe baharini kabla jua halijachomoza, tena mtupaji asigeuke nyuma. Wakiwa katika mashauri hayo, paka wa shangazi akateremka ngazi taratibu, akajikunyata mbele yetu, shingo akainyoosha, tumbo likaanza kwenda na kurudi kama mvukuto wa mfua chuma, khak, khak, khak, akatuletea cha pili.

Mama ndiye aliyeanza kucheka. Jirani hakucheka, aliteka maji yake akapanda juu, na kwa siku kadhaa alikuwa akimtazama paka yule kama mtu aliyekatizwa maneno.

Paka huyo alikuwa na mwezi mmoja tu Unguja. Shangazi yangu ameishi Maskati tangu sijazaliwa, na mwaka ule alikuja kukaa nasi muda mrefu kumwuguza kaka yake, yaani baba yangu. Hakuweza kumwacha paka wake, akaja naye ndani ya kikapu cha plastiki chenye mlango wa waya. Ni wale paka wa Kiajemi, wenye manyoya marefu na pua iliyobonyea, ambao Waarabu wa Ghuba huwaita shirazi. Kwetu jina hilo si geni. Watu wengi wa kisiwa hiki hujinasibu na Washirazi, na pale Kizimkazi Dimbani uko msikiti wenye maandishi ya Kikufi ya mwaka unaolingana na 1107. Baba, mgonjwa vilevile, alimtazama mgeni yule juu ya mkeka akasema, "Huyu kaachwa na jahazi. Kachelewa miaka mia tisa." Watoto wa mtaani hawakuwa na habari ya Shirazi. Walimshika, wakaona mwepesi na laini kama kilichomo ndani ya mto, wakamwita Sufi. Jina likakaa.

Sisi tulikuwa na paka wetu, Dagaa, dume la kienyeji, mwembamba, masikio makubwa, manyoya mafupi yaliyolala, asili yake soko la samaki la Malindi. Miaka sita hatukuwahi kumwona akitapika manyoya hata mara moja. Ndiyo maana hakuna mwenyeji aliyejua kile kitu ni nini.

Shangazi alijua. "Mbona hiyo kawaida yake," alisema, akishangaa mshangao wetu. "Kule nampa dawa ya tyubu." Dawa ya tyubu ilikuwa imekwisha, na Darajani nzima niliyoizunguka siku ile hapakuwa na aliyenielewa ninachotafuta. Basi nikampigia daktari wa mifugo ninayemfahamu, mtu wa makamo ambaye wagonjwa wake wa kila siku ni ng'ombe na mbuzi. Alinisikiliza mpaka mwisho, kisha akaniuliza, "Mwalimu, umewahi kulambwa na paka?"

Ulimi wa paka ni mbuzi ya kukunia nazi. Umejaa vijiba vigumu, vya kitu kilekile kinachofanya ukucha, na vyote vimelala kuelekea kooni. Paka anapojilamba, vijiba hupenya katikati ya manyoya, huchana, hung'oa yaliyokufa. Miaka tisa baada ya mkasa wetu, mwaka 2018, watafiti wa Georgia Tech huko Marekani, Alexis Noel na David Hu, walionyesha kwamba ncha ya kila kijiba imechimbika kama upawa mdogo. Huchota mate kinywani na kuyafikisha hadi kwenye ngozi. Kifaa cha ajabu, lakini kina ila moja: kilichonasa hakirudi. Paka hawezi kutema unywele uliokwama kwenye miiba inayotazama koo. Humeza tu, asubuhi, mchana na usiku wa manane.

Tumbo haliwezi kusaga manyoya. Mengi hupita na kutoka na kinyesi bila mtu kujua. Yanayosalia hujikusanya tumboni, hushikana kwa ute kama pamba iliyomwagikiwa uji, mpaka siku yanaporudi kwa njia yaliyoingilia. Na kwa kuwa umio ni mrefu na mwembamba, kinachotoka kina umbo la soseji. Sisi tuliliita tonge kwa kukosa jina.

Nasomesha historia, kwa hivyo nisamehewe kama niliposikia habari hizi akili yangu ilikimbilia kwingine. Ambari, ile iliyompeleka mtu wa pwani hii ufukweni kila baada ya dhoruba, ni nini kama si tonge la nyangumi? Hutengenezeka matumboni mwa nyangumi mkubwa alaye ngisi, ikizunguka midomo migumu ya ngisi isiyosagika. Al-Masudi, aliyesafiri bahari hii karne ya 10, aliitaja ambari ya nchi ya Zanj miongoni mwa iliyo bora. Na madonge yaliyopatikana matumboni mwa mbuzi wa milimani, Waajemi waliyaita padzahr, kinga ya sumu, na wafalme wa Ulaya wakayanunua kwa bei ya vito. Nilimweleza jirani yetu haya siku moja barazani ili kumtoa hofu. Akaniuliza kama cha Sufi kinauzika.

Kukatika kwa umeme kule hakukuwa kwa siku mbili tatu. Njia iliyokuwa ikituletea umeme kutoka bara, chini ya bahari, iliharibika mwanzoni mwa Disemba, na taa hazikurudi mpaka Machi 2010. Anayekumbuka miezi ile hukumbuka mngurumo wa majenereta, harufu ya petroli vichochoroni, na ndoo. Pampu zilisimama, maji yakawa ya kutafutwa. Tena ilikuwa kaskazi, wakati ambapo hata kuta za chokaa za Mji Mkongwe, zenye unene wa mkono mzima, huchoka kuzuia joto. Feni zimekufa. Sisi tulilala juu ya sakafu tupu. Sufi alijilamba.

Paka hana jasho la kumtosha. Hutoka kidogo tu kwenye vitanga vya nyayo. Joto likizidi hujipaka mate, yakauke, yampoze, kama sisi tunavyojimwagia maji na kukaa penye upepo. Kwa hiyo kadiri joto lilivyopanda, ndivyo ulimi ulivyofanya kazi, na ndivyo manyoya yalivyoingia. Huko kwenye baridi paka hupukutika zaidi kwa misimu, mwili ukifuata urefu wa mchana. Unguja iko nyuzi sita tu kusini mwa ikweta. Mchana mrefu na mchana mfupi wa mwaka haipishani hata saa moja. Mwili wa Sufi, uliozoea majira ya Maskati na vyumba vyake vyenye viyoyozi, ulifika mahali ambapo hakuna wa kuuambia lini uanze kupukutika na lini uache. Ukapukutika tu. Kila wiki tonge moja, wiki nyingine mawili. Moja lilitua juu ya msala wa mama dakika chache kabla ya magharibi. Mama aliufua msala kwa maji ambayo yalikuwa ya kuogea baba, na hakusema neno.

Dawa hazikukosekana, kila mlango ulikuwa na yake. Wa kwanza alileta mafuta ya nazi, akasema mtieni kijiko kwa nguvu, kitu kitateleza. Mwengine samli. Tulijaribu mafuta mara moja, Sufi akapaliwa, akakohoa mpaka nikaogopa. Daktari alinigombeza kwa simu. Mafuta ya maji akitiwa paka kwa nguvu huweza kwenda mapafuni badala ya tumboni, na yakishafika huko ni maradhi mengine kabisa. Na hata yakishuka salama, mafuta ya nazi na samli ni chakula. Utumbo huyafyonza, hayabaki ya kulainisha kitu. Ile dawa ya tyubu hufanya kazi kwa sababu kiini chake ni mafuta mazito ya jamii ya vaselini, ambayo mwili hauyafyonzi. Hupakwa kidogo kwenye mkono wa mbele, paka akayalamba mwenyewe, na si kila siku, maana yakizidi huzuia vitamini kufyonzwa. Kijana mmoja, kwa nia njema kabisa, alileta nusu ya Panadol. Hiyo niliitupa palepale. Nilijua kwamba Panadol kidogo tu humwua paka, sijui nilijulia wapi.

Lakini iliyokaribia kutumaliza ni dawa ya mjomba. Mjomba wangu anafuga ng'ombe shamba, na alikuwa na kichupa cha dawa ya kumwagia mgongoni. Watu wa Unguja wanaiamini dawa ya namna hiyo, na wana haki. Ng'ombe wa kisiwa hiki walimwagiwa dawa hizo miaka na miaka kupambana na mbung'o, kisha kati ya 1994 na 1997 wakaachiwa kutoka angani mbung'o madume waliohasiwa kwa mionzi, na Unguja ikasafika. Sasa mjomba aliona Sufi anajikuna, akasema tone moja tu shingoni. "Ng'ombe mzima inamtosha kijiko, itakuwa huyu?" Nilikuwa nimeshamshika Sufi, naye ameshafungua kizibo, shangazi akatoka jikoni akapiga ukelele. Kule Maskati jirani yake alipoteza paka wawili kwa dawa ya viroboto ya mbwa. Ini la paka haliwezi kuzivunja dawa za jamii hiyo. Hutetemeka, hupata degedege, hufa. Na hata ikimwagwa mgongoni, paka atajilamba. Kila kilicho juu ya manyoya ya paka, kihesabu kimo tumboni mwake.

Sentensi hiyo ya mwisho ni ya daktari, na ningeizingatia kama inavyostahili, hadithi yangu ingeishia hapa.

Kujikuna kwa Sufi ndiko kulikotufungua macho. Daktari aliniambia nitafute kitana, kile cha meno ya karibu karibu cha kutolea chawa watoto, nimchane nacho kiunoni karibu na mkia, kisha nikikung'utie juu ya kitambaa cheupe kilicholowa. Zilianguka chembe nyeusi kama pilipili manga iliyosagwa. Zikakaa kidogo, kila chembe ikajizungushia doa jekundu. Ilikuwa damu, kinyesi cha viroboto, aliowapata bila shaka kwa Dagaa. Kumbe nusu ya kulamba kule haikuwa kwa ajili ya joto. Kila jioni baada ya alasiri nikawa namkalisha barazani, kwanza shanuo la meno mapana kufungua mafundo ya tumboni na nyuma ya mapaja, kisha kitana, na bakuli la maji ya sabuni pembeni la kuwazamishia viroboto. Mikeka tukaianika juani. Mama alisimamia maji: ndoo ya udhu ilipokuja, kabla ya mtu yeyote, alikiinamisha chombo paka wanywe. Tulisomeshwa chuoni kisa cha Abu Qatada aliyefanya hivyo hivyo, na jibu lake kwamba paka si najisi, ni katika wanaotuzunguka majumbani. Samaki wao nikawa nawapa na supu yake, bila chumvi wala kitunguu, na kijiko kidogo cha boga lililochemshwa ndani yake, ili tumbo lisukume. Paka hanywi sana. Ukoo wake ni wa kimburu, mnyama wa nchi kame. Usipompa maji ndani ya chakula, huenda asiyafuate kwenye chombo.

Mwisho wa Januari Sufi alikuwa ametoa tonge moja tu kwa mwezi mzima. Nami nikawa daktari wa mtaa. Mwenye paka aliyekohoa alikuja kwangu. Aliyetapika alikuja kwangu. Jibu langu lilikuwa moja. Manyoya hayo. Mchane, mpe boga, litatoka.

Februari, siku ya Jumatatu, Dagaa alitapika maji ya njano. Jumanne hakula. Alijaribu kutapika tena, mara nyingi, hakikutoka kitu, akaingia chini ya kabati la vyombo akageuza uso ukutani. Nilimwambia mama, "Tonge hilo, limechelewa." Nikapasha boga. Mama alikuwa amekaa mlangoni penye mwanga akishona kofia ya kiua. Kazi ile ndiyo iliyokuwa ikitupa pesa za dawa ya baba, na bila umeme aliifanya mchana tu, kwa haraka. Namkumbuka akipapasa mkeka, akiniuliza kama nimeuona uzi wake. Alikuwa ameukata mrefu, ameuweka hapa hapa. Nilimwambia sijauona. Nilikuwa nikikoroga boga.

Ilipofika Alhamisi ndipo nilipomtia Dagaa kikapuni nikapanda naye daladala. Daktari hakumgusa tumbo kwanza. Alimfungua kinywa, akaninyoshea simu nimmulikie, akausukuma ulimi juu kwa kidole gumba. Chini kabisa ya ulimi, kwenye shina lake, palikuwa na mstari mweupe mwembamba umejichimbia nyamani. Alinyamaza. Kisha akaniuliza, "Kwenu nani anashona kofia?"

Uzi ulikuwa umezunguka shina la ulimi, na ncha zake zimeshuka hadi matumboni. Utumbo hujitahidi kuusukuma, uzi hauendi, basi utumbo wenyewe ndio unaopanda juu ya uzi na kujikunja, kama kiuno cha suruali ukivuta kamba yake. Na kila unapojisukuma, uzi hukata. Umewahi kuona mche wa sabuni ukikatwa kwa uzi dukani, ndivyo. Angeletwa siku ya kwanza, alisema, pengine. Kitu kimoja alinishukuru: kwamba sikuuona ule uzi nikauvuta, maana wanaouvuta humaliza kazi. Alimfungua mchana ule ule. Dagaa hakuamka.

Tulimzika uani. Mama hakushika sindano kwa wiki nzima, na alipoishika alikuja na mkebe wa biskuti wenye mfuniko mgumu, na tangu siku ile hakuna uzi uliolala nje ya mkebe. Hakunilaumu, ingawa nilimpa nafasi. Shangazi alisema maneno ya kunifariji, kwamba dalili zinafanana. Hazifanani. Nimezirudia kichwani mara nyingi mno, siwezi kuliamini hilo. Paka mwenye tonge hujikunja dakika chache, hulitoa, huenda zake kula. Dagaa alijikunja siku mbili bila kutoa kitu, hakula, hakwenda choo, akajificha. Yupo na wa tatu, ambaye nilimkosea pia kwa bahati bila madhara: paka wa jirani wa nyumba ya pili, anayejikunyata, shingo chini, anakohoa kikavu, hakuna kinachotoka, miezi na miezi. Yule ana pumu. Walikuwa wakifukiza udi chumba alicholala, na moshi wa vibatari juu yake. Nilimwambia mwenyewe ampe boga.

Umeme uliporudi Machi, mtaa mzima ulipiga makofi. Baba alikuwa bado yu hai, akaomba feni ielekezwe kwa Mshirazi kwanza. Shangazi alikaa mpaka Juni, na alipoondoka hakumchukua Sufi. Alisema paka ameshazoea, lakini nadhani aliona mikono yangu inahitaji kitu cha kufanya baada ya alasiri. Daktari alinifundisha kumpunguza manyoya ya tumbo kwa mkasi butu wakati wa kaskazi, na kuandika tarehe ya kila tonge kwenye kalenda. Hakunipa hesabu ya yaliyo mengi na yaliyo machache. Aliniambia nijue kawaida ya paka wangu, na ikibadilika nisitafute dawa ya tonge, nitafute kilichobadilika: ngozi, viroboto, meno, maumivu, tumbo lenyewe. Mara moja, miaka mitatu baadaye, matonge yaliongezeka ghafla, nikampeleka siku hiyo hiyo. Ulikuwa upele nyuma ya masikio. Daktari alinitazama, hakusema kitu kuhusu haraka yangu.

Manyoya ya kwenye shanuo nilikuwa nikiyatupa, mpaka jirani wa juu aliponizuia. Nywele hazitupwi ovyo, alisema, hata za paka. Alikuwa hajaiacha imani yake na sikuona kwa nini aiache. Aliyachukua, akayaosha kwa sabuni, akayaanika kwenye ungo. Baada ya wiki kadhaa alimletea mama mto wa sindano aliomshonea kwa kipande cha kanga, umeshindiliwa manyoya ya Sufi mpaka umekuwa mgumu kama embe bichi. Alisema sindano zilizochomekwa humo hazishiki kutu. Mama alizichomeka zote, akazihesabu, kumi na moja, akautia mto ndani ya mkebe akakandamiza mfuniko mpaka ukalia.